Ukiitwa kuhesabu kinyesi cha kulungu Alaska

Ukiwaambia watu wa nyumbani umepata kazi ya usaidizi wa utafiti kwenye misitu ya mvua ya kusini-mashariki mwa Alaska, wote watakuuliza dubu. Mama aliniuliza mpaka salio likaisha. Wapo, na dawa ya kuwapulizia ikae kiunoni, usiifukie kwenye begi. Ila kilichonitoa jasho kisiwani Prince of Wales ni maji.

Kazi yenyewe haina urembo. Theluji ikishayeyuka, kabla vichaka havijatoa majani, boti inawashusha ufukweni. Mnashika dira, mnapanda mlima kwa mstari ulionyooka, mkihesabu mafungu ya kinyesi cha kulungu wa mkia mweusi kwenye vipande vya mita 20 kwa mita 1, ili kukadiria wingi wao. Mwenzako anavuta kamba mbele, wewe umeinama nyuma. Mstari haukwepi kitu. Ukikuta gogo lililooza, limevikwa ukoga mzito kama godoro, unalipanda. Mara nyingine mguu unazama ndani hadi pajani. Ukiteleza, usidake kijiti cha kwanza unachokiona. Kuna mmea unaitwa rungu la shetani, Watlingit, wenyeji wa asili wa huko, wanautumia kama dawa, na msimu huo hauna majani ya kukutahadharisha, ni miiba mitupu. Mimi niliudaka. Wiki nzima nilichokoa miiba viganjani kwa sindano. Nunua glavu nzito.

Jinzi na fulana za pamba ziache. Ketchikan, mji tuliopitia, hupata mvua zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, na pamba ikilowa inakunyonya joto hadi meno yanagongana. Vaa sufu ndani, koti la mpira nje, buti za mpira.

Kalamu ya wino nayo iache. Penseli, na karatasi isiyolowa. Halafu mwandiko: vidole vikifa ganzi, 1 yako itafanana na 7. Jioni moja nilishindwa kusoma ukurasa wangu mwenyewe, na kiongozi wetu akaufuta wote bila kunigombeza, jambo lililoniuma kuliko kugombezwa. Kuanzia hapo nikawa nataja namba kwa sauti, mwenzangu anairudia, ndipo naandika.

Dira pia ilinitia aibu. Tanga, kaskazini ya dira na ya ramani hazipishani sana, unaweza kupuuza na usidhurike. Kule zinapishana zaidi ya nyuzi 15. Usiporekebisha, ukitembea kilomita moja umeshapotoka zaidi ya mita 250, na hesabu zako ni za msitu mwingine.

Lakini la boti ndilo nalikumbuka zaidi. Mimi mtoto wa Pangani, nani wa kunifundisha bamvua? Siku niliyoachiwa kuifunga, niliifunga kama tunavyofunga kwetu, sikutazama jedwali la maji. Kule bahari inaweza kushuka zaidi ya mita 5 ndani ya saa sita. Tuliporudi mchana, tumelowa chapachapa, boti ilikuwa imelalia ubavu juu ya miamba, maji yako mbali. Tukakaa kwenye mawe kwa muda wa karibu saa nne kusubiri yapande, tukigawana biskuti, na mimi, mswahili wa pwani, sina la kusema.