Mdudu sugu na mdudu mkali

Swali: Mke wangu alijifungua kwa upasuaji hapa Dodoma. Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa usaha. Maabara wameotesha wakapata bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa antibayotiki ya seftriaksoni. Ajabu, hana homa, anakula na ananyonyesha vizuri. Kama mdudu ni sugu hivyo, mbona hajamwangusha? Shemeji anasema tununue sindano zaidi za seftriaksoni. (Msomaji, Chamwino)

Jibu: Pole kwa kuuguza, na hongera kwa mtoto. Nianze na la shemeji: msinunue. Mara nyingi Klebsiella wa aina hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijamdhuru. Mkiongeza sindano mtaua bakteria wema wa tumboni na kumwachia yeye nafasi.

Usugu ni uwezo wa kuhimili dawa. Ukali ni uwezo wa kumuumiza mtu. Klebsiella mkali huwa na koti nene la utelezi, chembe nyeupe za damu zikashindwa kummeza, tena hujua kuupora mwili madini ya chuma. Wengi wa wodini hawana ukali huo. Hutafuta upenyo tu, kama kidonda, kanula ya dripu au mpira wa mkojo. Ndiyo maana mkeo anakula.

Kinachonikosesha usingizi ni sifa hizo mbili kukutana. Jeni za usugu mara nyingi hukaa kwenye plazimidi, kipande cha vinasaba ambacho bakteria hupeana, hata wa jamii tofauti. Mwaka 2016 huko Hangzhou, China, Klebsiella mwenye usugu na ukali pamoja aliwapata wagonjwa watano wa chumba cha mahututi. Wote walifariki.

Rudini hospitali na majibu hayo leo. Kidonda kisicho na homa mara nyingi hupona kwa kufunguliwa, kutolewa usaha na kusafishwa. Kama itahitajika dawa nzito kama meropenemu, daktari ndiye ataamua. Akipata homa, moyo ukienda mbio, au wekundu ukisambaa pembeni ya kidonda, msingoje kukuche.

Na kila anayegusa kidonda anawe kwa sabuni na maji tiririka, hata kama maji mnanunua kwa dumu, hasa kabla ya kumshika mtoto. Kinga ya kichanga bado changa, na mdudu huyohuyo anayemwacha mama ale anaweza kuingia kwenye damu ya mwanawe.