Jibu: Kwa nini paka humwekea mama mjusi kwenye mswala?

Dada, umeuliza kwa nini paka wenu humwekea mama mkwe wako mjusi kwenye mswala kila alfajiri, na kama hiyo ni dalili ya chuki. Si chuki hata kidogo. Paka huwinda zaidi wakati wa mapambazuko na machweo, na hata akiwa ameshiba, hamu ya kuwinda haimwachi. Akishakamata, hupeleka windo mahali anapojiona salama, na bila shaka karibu na mama ndiko anakojiona salama zaidi.

Kwetu Tanga, marehemu bibi yangu aliwahi kupiga magoti gizani akakuta mkia wa mjusi kafiri, peke yake, ukijinyonganyonga kama mnyoo. Wajukuu tulicheka hadi tukashika mbavu, ilhali yeye alikwisha kupanda kitandani akisoma Ayatul Kursiy. Mkia ule mjusi huuacha mwenyewe, ili adui ahangaike nao naye apate kukimbia.

Tafadhali msimpige, kwa maana atamwogopa mpigaji bila kulijua kosa lake. Mchezesheni kwa kamba jioni kabla ya kumlisha: utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba paka waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza windo wanaloleta nyumbani kwa asilimia 25. Mswala nao utundikwe ukutani usiku, mama autandike adhana inapoanza.