Kabla hujaposti mchoro wako kwa majina matatu

Wadogo zangu, nimeona tena. Binti mwenye mkono mzuri kweli kaposti mchoro usiku wa manane, na chini yake kamwaga ugomvi wote na mwenye nyumba wake, kwenye akaunti yenye majina yake matatu. Asubuhi kafuta. Skrinishoti zilishafika kwa mwenye nyumba. Nawapenda, lakini hili mnalirudia mno.

1. Tumieni majina yenu. Simshauri mtu ajifiche. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, na katika muda huo mfupi jina lake likawa jina la mtindo mzima. Waigaji nao wakaliona, wakauza picha zenye sahihi yake ambazo hakuzichora. Kwa hiyo saini ndani ya mchoro, si pembeni pa kukatika, na tunza rasimu na picha za hatua zote. Tanzania hakimiliki ni yako tangu kazi inapozaliwa, hata kama hujaisajili, ila siku ya ubishi utatakiwa uthibitishe.

2. Majina hayo hayakuhusu wewe peke yako. La pili ni la baba, la tatu ni la babu, na ukiyaweka chini ya chapisho umewaweka na baba wadogo, mashangazi na binamu walioko Muscat. Kuna kijana tulikuwa tunachangia naye chumba cha kazi. Alimchora mama yake kwa mkaa: mama kakaa kwenye kigoda uani, kanga imevutwa kufunika pale mguu ulipoishia baada ya sukari kuuchukua, vidole viwili vimebana pindo lisifunuke. Sijaona kazi yake nyingine inayoufikia. Akaandika chini kwamba zilipotafutwa hela za hospitali, baba zake wadogo walizima simu.

Kufikia adhuhuri binamu alishaitupia kwenye grupu la ukoo. Nilimsindikiza kwenda kuomba radhi, tukakalishwa mkekani mpaka maghribi. Hapo ndipo ikajulikana kwamba mmoja wa wazee alituma fedha kwa mkono wa mtu, zikaishia njiani. Kijana aliandika alichokijua, na alichokijua kilikuwa nusu.

Lakini kilichomliza si wazee. Mama alikuwa amewaambia wenzake wa kikoba kwamba amesafiri. Hakutaka wajue habari ya mguu kabla hajawa tayari kuwaambia mwenyewe. Jirani akaingia uani na simu mkononi, anatoa pole. Mama akamwambia mwanawe, "Ungeniuliza tu." Baadaye alitaka mchoro urudishwe mtandaoni, bila yale maneno. Mchoro wenyewe aliupenda.

Basi muulize aliyemo. Mgonjwa, mtoto, mpenzi wa zamani, mama. Mwonyeshe mchoro, kisha msomee na maneno, kwa sababu mara nyingi maneno ndiyo yanayoumiza.

3. Mawazo makali yaamuliwe mchana. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, Kenya ina yake ya 2018. Mwaka 2024 mchoraji kijana wa mkoani Mbeya alihukumiwa miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5 kwa video ya kuchoma picha ya Rais. Wananchi walichangishana, faini ikalipwa. Sisemi mnyamaze, maana sanaa yetu ingebaki twiga na machweo. Nasema unaposema jambo zito kwa jina lako, uwe umelala ukaamka bado unalitaka, na nyumbani wanajua usije ukaitwa kituoni wao wakabaki wanaulizana.

4. Haya ni ya haraka. Zima lokesheni ya kamera. Picha uliyopigia sebuleni inaweza kubeba ramani ya kwenu. Faili kubwa la kuchapia usilipandishe, weka dogo, kubwa mpe aliyelipa. Bei iandike wazi, "njoo inbox" inafukuza wateja waungwana. Anayekosoa mstari au rangi mjibu, anayetukana mpige bloku na usimwandikie insha. Na mchoro wa rangi za mafuta upige picha mchana karibu na dirisha, flashi imezimwa. Nusu ya kazi zenu nzuri nimeziona zikiwa na doa jeupe katikati.