Maswali Yenu: Kuhama Timu Bila Kuhama Kampuni

Mwezi huu barua zenu nyingi ni za wahamaji. Hawajaacha kazi. Kampuni ni ile ile kubwa ya teknolojia, mshahara ule ule, ila wamepewa timu nyingine na jengo jingine. Mimi nilihama hivyo mara nne kabla ya kustaafu, kwa hiyo nimechagua tano zilizonikumbusha mbali.

Shikamoo Shangazi. Miaka saba nilikuwa huduma kwa wateja, ofisi ya Moi Avenue, na watu wakija kwangu kuuliza. Sasa nimehamishiwa timu ya mifumo ya malipo huko Nyali. Mkutanoni nusu ya maneno siyaelewi. Nikiuliza kila kitu si wataona wamebebeshwa mzigo? – Msomaji, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Wataona hivyo ukiuliza mwezi wako wa sita huko. Mwezi wa kwanza hakuna anayekuhesabia. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Ofisini ni wakarimu kidogo zaidi, mimi nakukadiria wiki sita. Ndani ya wiki hizo uliza hata lile unaloona aibu kuliuliza. Zikipita, swali hilo hilo litakupa jina.

Nunua daftari. Neno usilolijua liandike, usikatize mkutano, kisha jioni mtafute mtu mmoja umsomee orodha. Utashangaa ni mangapi wao pia hawayajui. Niliwahi kuuliza kirefu cha jina la mfumo tuliokuwa tukiutumia kila siku, meza nzima ikatazamana. Aliyeubatiza alikuwa ameshaondoka na siri yake.

Halafu omba kazi ndogo mno, kama kurekebisha herufi iliyokosewa kwenye skrini ya malipo, na uisindikize mwenyewe mpaka imfikie mteja. Njiani utajua ruhusa gani huna, nani anapitia msimbo wako, yaani maandishi ya programu uliyoyaandika, majaribio yanaendeshwa wapi, na nani yuko likizo kila anapohitajika kuidhinisha. Herufi moja itakufundisha kuliko slaidi sitini za kukukaribisha.

Na hukuja mikono mitupu. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, mteja hubonyeza tena. Mfumo uliotengenezwa vizuri huyapa malipo namba yake ya kipekee, ombi la pili likija na namba ile ile utambue ni lile lile la kwanza, usikate pesa mara mbili. Wenzako wapya wanalijua jambo hili kwa michoro. Wewe unalijua kwa matusi uliyopokea kwenye simu miaka saba. Siku wakijadili hitilafu ya namna hiyo, usinyamaze kwa sababu ati wewe ni mgeni.

Shangazi, nimehama tangu mwezi uliopita lakini timu ya zamani inanitumia WhatsApp kila usiku: hiki kimekwama, kile kiko wapi. Nikatae? – Mchovu, Tudor

Usikatae, wape tarehe. Mwambie meneja wako wa zamani, na wa sasa asikie: nitajibu mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, tena mchana, baada ya hapo kila kitu kiko kwenye waraka. Kisha uandike huo waraka. Kila swali la usiku liwe mstari mmoja humo, na siku ya tatu anza kuwajibu kwa kuwaelekeza huko.

Ila jichunguze kabla hujawalaumu. Nilipohama mara ya pili niliacha kitu bila kujua. Ripoti ya mapato ya kila asubuhi ilikuwa ikitengenezwa na skripti, yaani programu fupi, niliyoiandika mwenyewe, ikiendeshwa kwa akaunti yangu mwenyewe. Ruhusa zangu za zamani zilipofutwa, kama inavyopasa, ripoti ikakatika. Siku tatu wakitafuta ubovu kwenye seva, na seva ilikuwa nzima. Tangu hapo, kabla ya kuhama natafuta kila kitu kinachojiendesha kwa jina langu: kazi za usiku, tahadhari zinazokuja kwenye simu yangu pekee, nywila niliyoihifadhi mimi tu. Vyote vihamishiwe akaunti ya timu.

Na ruhusa zako za zamani ziombe zifutwe, usisubiri. Kuna watu wamehama timu tano na funguo za milango yote mitano bado wanazo. Siku akaunti hiyo ikiibwa, mwizi anaingia nyumba tano.

Meneja wangu mpya yuko California. Mkutano wa timu ni saa mbili asubuhi kwake, yaani saa kumi na mbili jioni kwetu, na Maghrib inaingia humo humo. Naona haya kulalamika wiki ya pili. – Abu, Old Town

Abu, wala usilalamike, mpe hesabu. Jua la Mombasa huzama baada ya saa kumi na mbili jioni na kabla ya saa moja, mwaka mzima. Saa za California ndizo zinazocheza: Wamarekani husogeza saa mbele mwezi Machi na kuzirudisha Novemba. Kwa hiyo saa mbili yake ya asubuhi ni saa kumi na mbili yako msimu mmoja, na saa moja usiku msimu mwingine. Mkutano ukifungwa kwa saa zake, utakuhamahama.

Omba ufungwe kwa saa zetu, saa moja usiku. Kwenye kalenda kuna mahali pa kuchagua ukanda wa saa. Chagua Nairobi, ndio wetu sisi sote. Kwake itakuwa saa tatu asubuhi au saa mbili, vyote ni saa za kazi. Wewe utakuwa umeshaswali, na Ramadhani utakuwa umeshafungua kinywa. Wengi wao hawakukatalii. Hawakujua tu kwamba kuna jambo.

Ukiandika, andika 19:00. Nilimwambia Mzungu mmoja "saa moja", akajiunga saa saba mchana, akatusubiri peke yake.

Mimi ni wa Likoni. Ofisi ya zamani nilikuwa nikivuka feri na kutembea. Mpya iko Nyali: feri, kisha matatu mbili. Wana haki kunihamisha hivi hivi? – Mvukaji

Mimi si wakili, lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba wako utaje mahali pa kazi. Mambo yaliyotajwa humo yakibadilika, mwajiri ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Basi toa mkataba wako kabatini. Ukikuta maneno ya "au popote mwajiri atakapoelekeza", hoja yako imepungua nguvu, lakini barua bado udai.

Ukishaipata, usipiganie nauli kwanza. Piganie muda. Feri kwa mtembea kwa miguu ni bure. Kinachokula maisha ni foleni ya asubuhi. Omba uanze saa nne, au siku mbili kwa wiki ufanyie kazi nyumbani. Kazi yenyewe iko kwenye laptopu.

Shangazi, naanza Jumatatu. Hakuna meza ya mtu, kila anayewahi anakaa apendapo, na kiyoyozi nasikia ni barafu. Nifike na nini? – Bi Mpya, Bamburi

Sweta. Mombasa hii hii, Februari, kaskazi inavuma na watu wanayeyuka barabarani, mimi nilikuwa na sweta begani. Wahi kabla ya saa mbili ukae mbali na tundu la kiyoyozi.

Na mahamri, yafike saa nne. Mbaazi ziache nyumbani, zitaishia kwenye kibodi. Usianze na timu yako: anza na mlinzi wa mlangoni na yule kijana anayetengeneza kadi za kuingilia. Kadi yako haitafanya kazi siku ya kwanza.