Biti za meno: anza kuangalia mkia

SWALI: Tumeletewa kopo la biti za kutobolea meno, zimechanganyika. Nyingine haziingii kwenye hendipisi (mashine ya mkononi inayozungusha biti) ya kasi, nyingine zina pete za rangi. Tuzipangeje? Halafu za zamani zinashika kutu tukiziloweka kwenye jiki.
Afisa wa meno, kituo cha afya daraja la nne, Mbale

JIBU: Kichwa kiache kwanza, pima unene wa mkia, yaani upande unaoingia kwenye hendipisi. Mkia mwembamba wa milimita 1.6, laini mwanzo hadi mwisho, ni wa hendipisi ya kasi inayosukumwa na hewa, ile inayozunguka mara 300,000 na zaidi kwa dakika. Wa milimita 2.35 ni wa hendipisi ya polepole. Ukiwa mfupi na umechongwa pengo mwishoni, unaingia kwenye hendipisi ya polepole yenye kichwa kilichopinda. Ukiwa mrefu na hauna pengo, ni wa hendipisi iliyonyooka, ambayo mafundi wa meno bandia ndio huitumia zaidi. Hapo mna makopo matatu.

Sasa kichwa cha biti. Chenye makali ni cha chuma au kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma), nacho hukata: kabaidi ndiyo ya kutolea jazo la amalgamu (mchanganyiko wa zebaki na fedha), na biti ya mviringo kwenye hendipisi ya polepole hukwangua uozo laini. Chenye chembechembe ni almasi, husaga enameli (ganda gumu la nje la jino) na kauri. Pete ni za almasi hizo: nyeusi ndiyo kali kuliko zote, kisha kijani, kisha buluu (au isiyo na pete), ambayo ni ya kazi za kila siku. Nyekundu, njano na nyeupe ni za kulainisha tu. Ukichimbia tundu kwa nyekundu utapasha jino moto bure.

Jiki acheni kabisa. Klorini hula chuma, hata kobalti inayoshikilia chembe za kabaidi. Biti ikitoka mdomoni iloweke kwenye maji ya sabuni ya vifaa kabla damu haijakauka, isugue kwa brashi, suuza, kausha vizuri, ndipo iingie otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), kwa nyuzi 134 dakika 3 au 121 dakika 15. Ikiingia na maji, ya chuma itashika kutu humo humo. Yenye alama ya 2 iliyokatwa mstari hairudiwi.

Ukiona unalazimika kukandamiza, biti imekwisha, itupe. Joto la msuguano huua kiini cha jino, na mgonjwa atarudi na maumivu baadaye. Kingeni maji ya kupoza ya hendipisi kwenye kikombe kwa dakika moja: yakiwa chini ya mililita 50, zibueni vitundu vyake. Na kabla ya kukanyaga pedali, ivute biti kidogo kwa vidole. Isiyozama mpaka mwisho huchomoka ikiwa inazunguka.