Projekta ya mtumba isiyo na HDMI: itafaa kwa kibanda cha mpira?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Kuna jamaa ananiuzia projekta ndogo ya DLP, ya kubeba kwenye begi, ya mwaka 2009. Kibandiko kinasema XGA 1024 × 768, lumeni 2,000. Ina tundu la VGA na matundu ya AV, HDMI haina. Menyu inaonyesha taa imetumika saa 310 tu. Nataka kuonyeshea mpira kibandani kwangu, na siku nyingine niikodishe kwa semina. Ninunue au niachane nayo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa semina, chukua. Kwa mpira, inategemea unaonyesha mechi za saa ngapi.

Umri wake usikutishe. Ndani ya DLP kuna chipu yenye vioo vidogo sana, kimoja kwa kila nukta ya picha, kwa hiyo yako ina vioo 786,432 vinavyojigeuza maelfu ya mara kwa sekunde. Larry Hornbeck wa Texas Instruments ndiye aliyeibuni mwaka 1987, na kwa kweli alibuni kitu kigumu. Projekta za LCD, aina nyingine isiyotumia vioo hivyo, za umri huo mara nyingi zimeshaanza kutoa madoa ya njano au ya bluu kwa sababu ya joto. Vioo havina ugonjwa huo. Vyenyewe hukwama, na kila kilichokwama kinaacha nukta nyeupe au nyeusi isiyohama. Moja au mbili vumilia. Zikiwa zimetapakaa, usinunue.

Halafu hizo lumeni 2,000, yaani kipimo cha mwanga wake, kama ni ya kampuni yenye jina, zilikuwa za kweli ilipotoka kiwandani. Siku hizi kuna vijiprojekta vya LED vya bei chee vimeandikwa 9,000 kwenye boksi, ukiviwasha havifui dafu mbele ya hiyo ya zamani.

Tatizo ni kwamba mpira hautapata lumeni zote. Projekta yako ni ya 4:3 (upana kwa kimo), mpira unarushwa kwa 16:9, picha pana zaidi. Picha itakaa kwenye mistari 576 tu kati ya 768, na juu na chini kutabaki utepe mweusi. Hapo robo ya mwanga imepotea, umebaki na 1,500. Taa nayo hufifia, na saa za maisha ya taa zinazotajwa na mtengenezaji ni muda wa kufikia nusu ya mwanga wake, siyo muda wa kuungua. Kwa hiyo hesabia lumeni 750. Ukizitandaza kwenye shuka la upana wa mita 3 unapata kama lumeni 150 kwa mita ya mraba, na banda la mabati lenye mlango wazi saa kumi jioni lina mwanga kuushinda huo. Mechi ya ligi ya nyumbani ya saa kumi wateja watasikia mtangazaji tu. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ya saa nne au saa tano usiku, hapo sawa kabisa, hasa ukipunguza upana uwe mita 2.

Rangi je? DLP nyingi za ofisini zina gurudumu la rangi lenye kipande kisicho na rangi, cha kuongeza weupe. Maandishi ya semina yanang'aa vizuri, lakini nyasi za uwanjani zinakuwa kijani iliyochoka na jezi nyekundu zinaelekea kahawia. Ingia kwenye menyu, toa hali ya "Presentation" weka "Movie" au "sRGB". Picha itafifia kidogo ila rangi zitarudi.

Kuhusu HDMI, usikimbilie kununua kibadilishi cha HDMI kwenda VGA. Ving'amuzi vingi hufunga picha ya HDMI kwa HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, na ukipitisha kwenye kibadilishi unaweza kuishia na skrini nyeusi. Kama king'amuzi chako kina AV, tumia waya wa njano. Ukali utapungua, lakini kibandani wanaona vizuri. Hakikisha king'amuzi na projekta zote zimewekwa 16:9, la sivyo wachezaji watarefuka na mpira utakuwa yai. Sauti ipeleke moja kwa moja kwenye spika zako.

Sasa hizo saa 310. Kihesabio hicho hurudishwa sifuri kwa kubonyeza menyu, kila anayebadilisha taa anajua, na hata asiyebadilisha anajua. Mwambie muuzaji aiwashe nusu saa mbele yako, kwenye ukurasa mweupe mtupu kisha mweusi mtupu. Angalia kama mwanga unapepesa, sikiliza kama gurudumu linalia mluzi, na uone kama inajizima kwa joto.

Taa yenyewe ni ya mvuke wa zebaki wenye mgandamizo mkubwa sana, na umeme ukikatika ikiwa ya moto feni inasimama huku joto likibaki ndani. Hilo linafupisha maisha ya taa. Tafuta UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), hata ya 650 VA, si ya kumalizia mechi bali ya kukupa dakika chache uizime kwa rimoti na feni imalize kupoza. Taa ikipasuka, toa watu nje, fungua madirisha, na vipande usivishike kwa mkono mtupu.

Kabla ya kutoa pesa, andika namba ya modeli, uliza madukani bei ya taa yake, ile inayokuja na fremu yake kamili. Jumlisha na bei anayokutajia jamaa. Kama jumla inakaribia bei ya projekta ya mtumba yenye HDMI na lumeni 3,000, muache nayo. Kama taa yake haipo kabisa madukani, hata akikupunguzia nusu usichukue.