Mjomba anataka nisome biashara, mimi naitaka Ardhi

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha sita tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), nimepata daraja la kwanza la pointi 9, C tatu. Mjomba ndiye aliyenisomesha. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Kahama, na anataka nisome Utawala wa Biashara nije kumsaidia. Mimi moyo uko kwenye ukadiriaji majenzi, yaani kukadiria vifaa na gharama za jengo, Chuo Kikuu Ardhi, ila kozi ile ni miaka 4 na ya biashara ni 3. Nifanyeje?
Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. C ya Hisabati kidato cha sita haitolewi kwa huruma.

Mimi ni mhasibu, biashara ndiyo imenilisha, kwa hiyo sina sababu ya kuiponda. Lakini biashara si kozi moja. Uhasibu, kodi, bima, kila moja ina kazi yake inayojulikana. Utawala wa Biashara unagusa kila kitu kidogo kidogo. Vijana wakija kwenye usaili ofisini kwetu, nawapa taarifa ya benki ya mwezi mmoja na daftari la fedha la mwezi huohuo, nawauliza tofauti imetoka wapi. Wa uhasibu anatafuta hundi iliyoandikwa ambayo haijafika benki, kisha makato ya benki ambayo hayajaingizwa kitabuni. Wa utawala, wengi wao, wananieleza mikakati kwa ufasaha, karatasi inabaki nyeupe.

Tazama pia mlango upi ukiupita haurudiki. Mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu aliyethibitishwa, inayotolewa na bodi ya wahasibu (NBAA), ipo kila Mei na Novemba, na hata mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuifanya, ingawa ataanzia chini zaidi ya aliyesoma uhasibu. Kinyume chake hakipo: shahada ya biashara haikufanyi mkadiriaji majenzi hata ukae kwenye ujenzi miaka mingapi.

Sasa mjomba. Mkandarasi akiingia dukani na orodha ya mifuko ya saruji na nondo za milimita 12, mara nyingi nyuma yake yupo mkadiriaji aliyeisoma ramani chumba kwa chumba, akapima kuta, akatoa nafasi za milango na madirisha, ndipo akahesabu tofali. Mpwa anayeyajua hayo atamfaa kuliko anavyodhani. Vitabu vya duka, yaani mauzo, madeni na mzigo ulioko stoo, utavishika likizo moja ukikaa na mhasibu wake. (Kama hana mhasibu, hilo ni la kuzungumza na TRA, si la kukupeleka wewe chuo.)

Kinachonipa shaka ni mwaka wa nne. Ni kodi ya chumba na chakula, na ukiwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo, deni linakua na yale makato ya asilimia 15 ya mshahara yatakuandama muda mrefu zaidi. Kaeni mpige hesabu hiyo pamoja kabla hujaomba. Mlipaji ni yeye; nikisema "nenda tu" nitakuwa natumia mfuko wa mwenzangu.

Akikubali, kipaumbele kiwe Ardhi. Kinachofuata kiwe Uhasibu, Chuo Kikuu Mzumbe au Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), na Utawala uuache. Kabla ya kutuma, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) usome vigezo vya kila kozi neno kwa neno, maana nyingine zinaangalia hadi matokeo yako ya kidato cha nne.